Jeanine wa Dirisha la Kushoto

Ukifika soko la Mpondwe, pale ambapo Bwera inaishia mtoni na Kongo inaanzia ng'ambo, uliza Jeanine wa mawese. Kila mtu atakuonyesha: mama wa makamo, mfupi, kitenge cha njano, sauti ya kuamsha mtaa mzima. Ukimsalimia, atageuza shingo atazame kushoto kwanza, ndipo akuitikie. Usione amekudharau. Shingo ile ilifundwa na barabara, na mazoea yana taabu.

Kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa haina jina katika ofisi yoyote. Kongo magari hupita upande wa kulia. Lakini malori mengi ya kwao Butembo yaliletwa kutoka nchi ambazo watu hupita kushoto, kwa hiyo usukani wake uko kulia vilevile. Sasa fikiria dereva amekaa wapi. Amekaa juu ya mtaro. Mtaro anauona vizuri mno, anaweza hata kukuhesabia vyura waliomo, ila akitaka kulipita lori lililo mbele yake haoni kitu isipokuwa makalio ya lori hilo. Anayeiona barabara ni yule aliyekaa kwenye dirisha la kushoto. Basi dereva huuliza, "Iko vide?" yaani njia ni tupu? Na wa kushoto hujibu, na kwa jibu hilo watu huishi au huzikwa.

Jeanine aliianza kazi hiyo bila kuombwa. Alikuwa bibi harusi wa miezi miwili, na mumewe, Hilaire, alikuwa akiendesha Dyna, lori dogo la mjomba wake, kati ya Butembo na Kasindi. Siku moja walipofika Beni, utingo aliyekuwa akimwangalizia njia alishikwa na homa akawa anaona magari mawili mahali penye moja. Hilaire akataka walale hapo. Jeanine, ambaye alikuwa nyuma akisindikiza magunia yake ya maharage, alishuka, akamwambia utingo akalale juu ya maharage, akapanda mbele. Walipofika Kasindi, utingo alikuwa amepona homa na kupoteza kazi.

Tangu siku hiyo alikuwa macho ya mumewe. Alijifunza kusoma vumbi: jepesi la pikipiki, na lile zito jekundu la lori lililojaa mbao. Alijua kona ipi inaficha mbuzi na mlima upi unadanganya. Nyumbani Hilaire alimwita Mama Muhindo, kama adabu inavyotaka, lakini barabarani alimwita Jeanine, kwa sababu lori likija mbele yako hakuna nafasi ya jina refu. Na sheria ya kazi ilikuwa moja tu, Jeanine aliitunga mwenyewe: jicho halisemi nadhani. Ama njia iko vide, ama haiko.

Kisha vita vikawasogelea. Wakavuka daraja la mto Lhubiriha na watoto watatu, magodoro mawili na sufuria kubwa ya harusi. Dyna ilibaki nyuma. Habari zake tusizifuate, aliyeichukua hakuaga.

Bwera haikuwa ugeni mkubwa. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wa tumbo moja, na lugha zao zinatofautiana kwa chumvi tu. Parokia iliwapokea, Jeanine akapata meza sokoni kando ya Feresita, muuza dagaa mwenye maneno mengi, na Hilaire akawa anapakia mizigo ya watu. Kilichokuwa kigeni kabisa ni barabara. Uganda, gari hupita kushoto. Hilaire alisimama kando ya lami jioni nyingi akiyatazama magari yakipita upande alioona si wenyewe, akitikisa kichwa kama mtu anayeona jirani amevaa shati nyuma mbele.

Mwaka jana Zedekia akaja na neno. Mzee huyu ni mwenyekiti wa chama cha wakulima wa Kyondo, kule juu kwenye kahawa, mtu wa kofia na msimamo. Chama kilikuwa kimenunua Canter, imetumika lakini ina nguvu, ya kushusha mazao mpaka Kasese. Walihitaji dereva mzoefu wa milima. Kazi ni ya Hilaire, alisema, endapo atafaulu mtihani wa udereva wa Uganda. Hilaire alishukuru. Jeanine alipiga vigelegele, kisha akauliza yeye atakaa wapi.

Zedekia hakulielewa swali. Akaeleza kwa upole kwamba mbele kuna viti vitatu: cha dereva, cha mwenyekiti, na cha dirishani, ambacho ni cha Kosmasi, mpakiaji. Jeanine akaeleza kazi ya jicho. Mzee akacheka hadi kofia ikamtoka.

"Mama Muhindo, huku dereva iko na macho yake mwenyewe," akasema. "Hii gari haina kazi ya macho."

Na kwa bahati mbaya alisema kweli. Usukani kulia, gari kushoto: dereva wa Uganda anakaa katikati ya barabara na anaona kila kitu peke yake. Jeanine aliligeuza jambo hilo kichwani usiku kucha akalikuta halina mlango. Alitaka mumewe apate kazi, alitaka kwa moyo wote. Lakini kiti chake alikitaka pia, na hakuona aibu kukitaka. Mwanamke aliyeishi miaka kumi na tisa akiona mbele, utamweka nyuma ya ndoo ya mawese mpaka kufa kwake?

Mazoezi yalianza. Canter ikabandikwa herufi L nyekundu nyuma na mbele, na Hilaire, mwanaume wa miaka hamsini na miwili aliyepanda milima yote ya kwao kwa gia ya pili, akaingia kama mtu anayepelekwa shule ya chekechea. Zedekia, ambaye leseni anayo ila miguu yake haifiki vizuri kwenye pedali, alikaa katikati kama mwalimu. Kosmasi hakuhitajika kwa kuwa hapakuwa na mzigo, kwa hiyo dirisha la kushoto lilikuwa wazi, na Jeanine akalikalia kabla mtu hajawaza.

Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha, ukiwa nje ya gari. Mikono ya Hilaire ilijua kila kitu, kwa kuwa usukani ulikuwa palepale pa siku zote. Mwili wake ndio uliotafuta mtaro. Barabara ikiwa tupu, Canter ilianza kuhamia kulia polepole, kama ng'ombe anayejua njia ya zizi, mpaka kiwiko cha Hilaire kiwe juu ya majani na roho yake itulie. Zedekia aliomba kwa Lhukonzo, kwa Kiingereza, na siku moja karibu na Kisinga aliomba kwa Kilatini ambacho hakukijua.

Jeanine ndiye aliyepata dawa. Alitoa mkono dirishani akaonyesha chini.

"Papa Muhindo, tazama. Mutaro iko kwangu sasa," akasema. "Weye chukua barabara. Mutaro niachie miye."

Hilaire akamtazama, akautazama mkono wake ukining'inia juu ya majani. Kuanzia hapo ilikuwa Jeanine anayeimba habari za mtaro njia nzima: uko mbali, uko karibu, una mbuzi, una watoto wa shule. Mtu asiyejua angedhani mama yule amerukwa na akili. Lakini baada ya wiki mbili Canter ilikaa kushoto ikatulia, na Zedekia akaanza kuvaa kofia tena garini.

Siku ya mtihani walishuka Kasese alfajiri. Mpimaji alikuwa Afande Nobert, askari mrefu asiyepoteza neno. Alipanda kwenye dirisha la kushoto, kiti cha Jeanine, akasema, "Washa. Twende." Jeanine akabaki kwenye kibaraza cha duka la sementi, rozari mkononi, Zedekia kando yake.

Baada ya nusu saa wakaiona Canter ikirudi, na nyuma yake msururu wa magari yakipiga honi kama ya harusi. Mbele ya Canter alikuwa mzee mmoja juu ya baiskeli, amepakia mikungu mitano ya matoke, anakanyaga bila haraka, barabara yote ya kulia ikiwa tupu. Hilaire alimfuata mzee huyo kwa heshima kubwa mpaka sokoni. Jeanine aliiona midomo ya mumewe ikitikisika, akajua mara moja. Akajishika kichwa.

Hilaire alikuwa anauliza. Aliuliza kwa mara ya kwanza wakiwa karibu na hospitali, "Iko vide?" na Afande Nobert akadhani hakusikia vizuri. Akauliza tena. Akauliza kwa sauti ya chini, ya adabu, kwa kuwa huyu ni askari. Mpaka Afande akafunga daftari lake.

"Wewe unangoja nini?"

"Nangoja weye useme, afande."

"Nani dereva hapa? Mimi ama wewe?"

Kwa miaka kumi na tisa jibu la swali hilo lilikuwa wote wawili. Aliambiwa arudi baada ya mwezi.

Njiani kurudi Bwera, walipofika Kikorongo, Zedekia akaanza kucheka, na kicheko chake kikawaambukiza. Wakasimamisha gari, wakashuka, wakacheka wameegemea mlango, Hilaire akiigiza mzee wa matoke na Afande. Lakini Jeanine alicheka huku akijua la kufanya, na la kufanya hakulipenda. Hilaire alikuwa na macho mazima. Kilichomzuia kuyatumia ni yeye. Maadamu yupo dirishani akijibu, mwanaume huyu atauliza mpaka siku ya kiama, na leseni ataisikia kwa wengine.

Basi akaanza kumfundisha mumewe kutomhitaji. Kila jioni, kabla ya kupanda, alijaza mdomo maji ya kunywa, akafumba. Bwera mpaka Kisinga na kurudi, mashavu yamemvimba, macho mbele. Hilaire aliuliza, "Iko vide?" akapata ukimya. Aliuliza tena, akapata mguno. Siku ya kwanza walifuata trekta kilomita nne. Siku ya pili, pale Munkunyu, mbuzi aliruka barabarani na Jeanine akayameza maji yote kwa mpigo, akakohoa hadi machozi, lakini neno hakusema. Feresita alipoyasikia haya sokoni alisema ameishi kuona muujiza, Jeanine amenyamaza bila kuwa mgonjwa.

Siku ya tisa Hilaire alifungua mdomo kuuliza, akaufunga. Akatazama mwenyewe. Akalipita lori la mchanga taratibu, kwa nafasi nzuri, akarudi kushoto. Jeanine akatema maji dirishani akageuza uso, na Zedekia, aliyekaa kati yao, akajifanya anatafuta kitu ndani ya kofia.

Mtihani wa pili ulikuwa mfupi. Afande Nobert alishuka garini, akaandika, akampa Hilaire karatasi na kusema, "Leo umeona mwenyewe." Jeanine alipiga vigelegele hapo Kasese mpaka waendesha boda wakasimama kuuliza ni harusi ya nani. Alicheza barabarani, alimkumbatia Zedekia pamoja na kofia yake. Furaha yake ilikuwa ya kweli, yote. Ila wakati wa kurudi, Hilaire alipita magari matatu bila kumtazama, na yeye dirishani akaona migomba, watoto wakipunga mikono, na mtaro. Ilimuuma, na alijiruhusu imuume mpaka Kikorongo. Baada ya hapo akawapungia watoto.

Kesho yake Kosmasi alichukua kiti. Kosmasi ni mtu mwema, ana mgongo wa kubeba magunia mawili kwa pamoja, na ana kipaji kimoja cha ziada: akikaa tu, amelala. Canter ilipopita sokoni asubuhi, Hilaire alipiga honi mara mbili kwa ajili ya mkewe, na Jeanine aliona shavu la Kosmasi limebanwa kwenye kioo chake, limelala fofofo. Alimwambia Feresita kwamba hilo dirisha linateseka bure.

Ikapita miezi minne ya kahawa. Halafu nyanya za Kyondo zikakubali mwaka ule kupita kiasi, Kasese ikashiba, na Zedekia akapata mnunuzi Kasindi, ng'ambo tu ya daraja. Ijumaa moja, siku ya soko, Canter ilipita imejaa kreti za nyanya mpaka juu. Honi mara mbili. Jeanine aliitazama ikiteremka kuelekea mtoni, akaanza kupima mawese ya mteja, kisha mkono wake ukasimama hewani. Shingo yake ilikuwa imegeuka kushoto yenyewe. Ng'ambo ya daraja, gari hupita kulia.

Akamwambia Feresita, "Kosmasi ndiye iko dirishani." Feresita akasema ndiyo, kuna nini. Jeanine akasema hakuna kitu, akamaliza kupima, akaanza kunawa mikono.

Ilipita saa moja, ikapita ya pili. Jua lilikuwa kali kiasi cha kukausha dagaa mara ya pili. Hapo ndipo Fidèle, kijana wa pikipiki wa Kasindi, alipoingia sokoni anauliza kwa sauti mama wa mawese, mke wa dereva. Jeanine alikuwa tayari amevua aproni.

Habari alizipata akiwa anapanda. Foleni ya malori ya mizigo ilikuwa imeegeshwa upande wa kulia wa barabara, ndefu, madereva wake wamekwenda kula, na mwenye kwenda soko la Kasindi hana budi kuipita yote. Hilaire akiwa juu ya mtaro wake wa zamani alimwamsha Kosmasi, akauliza kama njia ni tupu. Kosmasi akapangusa mate akasema, "Nadhani." Hilaire akatoa pua ya Canter kidogo tu, akakutana na lori la mafuta uso kwa uso. Akarudi kwa rehema za Mungu. Kisha akazima injini, akashuka na ufunguo, akakaa kwenye kivuli cha tairi. Zedekia aliamuru, alibembeleza, aliapa. Nyanya zilikuwa zinaiva mbele ya macho yake.

"Mume yako anasema hivi," Fidèle akamwambia. "Anasema, 'Mzee, miye niko na mikono. Macho yangu iko sokoni Mpondwe.' Hakuna ingine anasema."

 Mpakani Jeanine alionyesha kipande chake cha kuvukia. Wakaingia darajani. Mara nyingi alikuwa amevuka hapo kwa miguu na ndoo kichwani, lakini mwenda kwa miguu hana upande. Leo alikuwa juu ya magurudumu. Maji ya Lhubiriha yalipita chini yao, na walipotoka ng'ambo Fidèle alihamia kulia bila hata kufikiri. Jeanine alilisikia hilo badiliko mwilini mwote. Alicheka peke yake, mgongoni kwa mtoto wa watu, na akaendelea kucheka mpaka wakaifikia Canter.

Hilaire alikuwa anatafuna muwa, ametulia kama mtu aliyefika kwake. Alipomwona aliinuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akapanda upande wake. Kosmasi alikuwa ameshajipeleka nyuma juu ya kreti, mwenyewe, kwa haya. Aliyebaki ni Zedekia, kasimama juani anajipepea kwa kofia. Akamfungulia Jeanine mlango wa kushoto.

"Mama Muhindo, mimi nilisema hii gari haina kazi ya macho," akasema. "Nilisema hivyo sababu nilikuwa bado kuvuka daraja. Hiki kiti ni chako. Kosmasi atazoea nyuma."

Jeanine alimshukuru kwa adabu yote, kisha akamwomba apande haraka, nyanya hazisikilizi hotuba. Akakaa. Akakipangusa kioo kwa ncha ya kitenge, pale ambapo shavu la Kosmasi lilikuwa limeacha alama yake ya miezi minne. Akateremsha dirisha, akatoa kichwa. Chini yake hapakuwa na majani wala mbuzi. Palikuwa na lami, ndefu, inameremeta kwa joto, inapita kando ya malori yote yaliyolala hadi kule soko lilipo.

Injini ikawaka. Hilaire akashika usukani kwa mikono miwili, kiwiko chake juu ya mtaro.

"Jeanine," akaita. "Iko vide?"

Njia ilikuwa tupu tangu alipotoa kichwa, na alikuwa ameliona hilo mara moja. Lakini alitazama tena, kwa raha zake, akakagua vumbi, akakagua kona, akamwacha mumewe angoje kidogo, na mwenyekiti pia.

"Iko vide," akasema. "Pita."